Mkono Chini ya Pazia Jekundu

Jumamosi ile kasri lilijaa watu utadhani kuna kitu kinagawiwa bure. Walikuwepo waliokuja na watoto, waliokuja na wapenzi, na waliokuja kwa sababu nje mvua ilikuwa inanyesha na hawakuwa na pengine pa kwenda. Wote walikuwa wanapanda ngazi kuu, na katikati ya ngazi hizo alikuwepo binti wa watu amepiga magoti, utepe wa kupimia mkononi, anapima kipandio. Gauni lake lilikuwa la kijani lenye mifuko mikubwa, kitambaa cha manjano kichwani, na daftari ameliuma kwa meno. Watu walimpita kushoto na kulia wakimsonya, naye wala habari hana.

Alikuwa na miezi miwili tu katika nchi ile ya ugenini. Alikuwa amekuja kwa mwaka mmoja kusoma jinsi watawala wa kale wa mji ule walivyotumia sanaa kuwatisha watu: picha, sanamu, malango, dari, hata ngazi. Kwao alikuwa kifungua mimba, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kuvuka mpaka kwa ajili ya masomo. Mama yake, mshonaji, alikuwa ameutangazia mtaa wote, hadi wateja wakawa wanakuja kuuliza habari za binti kabla ya kuuliza nguo zao.

Basi akiwa pale chini, mtu mmoja alishuka mbio akiwa amebeba sinia mbele ya kifua, hakuona kilichokuwa miguuni pake, akajikwaa. Sinia likaenda huku, yeye akaenda kule, na pamba zikatapakaa ngazini kama mtu amenyonyoa kuku.

"Dada, umeumia?" mtu yule aliuliza, yeye mwenyewe akiwa bado amekaa kitako.

"Aliyeanguka ni wewe, kaka."

"Mimi nimezoea. Umepoteza pete?"

"Napima."

"Unapima ngazi? Unataka kujenga?"

"Sentimita kumi na tisa," binti alisema huku akiandika. "Zile za nyuma, alizokuwa akipanda mtawala mwenyewe, ni kumi na mbili. Unaona ujanja wao? Mgeni anafika juu anahema, anamkuta mwenzake ametulia kitini. Hata salamu bado, ameshashindwa."

Mtu yule alizitazama ngazi, akamtazama binti. "Mwaka wa saba huu napanda hapa nikidhani mapafu yangu ndiyo mabovu."

Binti akacheka, na kicheko chake hakikuwa cha mtu aliye makumbusho. Wakaanza kuokota pamba pamoja. Kijana alikuwa mrefu, aproni imejaa madoa ya kahawia, kucha zina rangi ya njano pembeni, lakini viatu vyake viling'aa na nywele zilikuwa zimechongwa vizuri. Alinukia sabuni na tapentaini ya kuyeyushia rangi.

"Na wewe humu unafanya nini?"

"Nasafisha picha za wakubwa."

"Kwa pamba?"

"Kwa pamba na mate."

"Mate?"

"Mate ya mtu yanatoa uchafu bila kuchubua rangi. Muulize fundi yeyote."

"Kwa hiyo hawa wote waliotundikwa ukutani mmewatemea mate."

"Kwa heshima zote, msomi," alisema, na jina hilo likamganda binti tangu siku hiyo. Naye hakumwita kijana jina lingine zaidi ya Fundi.

Kilichofuata mnakijua, maana wapendanao hawana jipya. Zilianza simu za saa moja asubuhi, kila mmoja akijidai amempigia mwenzake kumwamsha. Ukaja mkate wa mayai uliogawanywa mara mbili kwenye benchi la ua wa nyuma, saa sita na nusu, kabla kengele ya karakana haijalia.

"Leo umesafisha nani?"

"Jemadari. Nimemaliza pua. Kesho naingia shavuni."

"Na mimi utaanza kunisafisha lini?"

"Wewe huna uchafu. Una ulimi tu."

"Basi uache ulimi wangu, ndio unaonilipia masomo."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mama alikijua kikohozi hicho kwenye simu kabla binti hajafungua mdomo. "Huyo anayekuchekesha hapo pembeni ni nani?" aliuliza siku moja. Binti akampa Fundi simu. "Shikamoo mama," Fundi alisema, amesimama wima kana kwamba mama anamwona. "Marahaba, baba. Mwanangu anakula?" "Anakula, mama. Anakula hadi cha kwangu." Mama akacheka, na wiki nzima cherehani ilikwenda kwa nyimbo.

Fundi alikuwa yatima. Aliyemlea ni mjomba wake, mkuu wa karakana ya kasri, mzee mkali asiyependa wageni. Katika nchi ile mtu hakuruhusiwa kugusa picha ya kale bila muhuri wa ufundi, na muhuri haupatikani bila kutumika miaka saba chini ya mwenye nao. Mwaka wa Msomi ulipokaribia kwisha, Fundi alikuwa amebakiza majuma matano. Akiupata, angefanya kazi popote. Akiukosa, ile miaka saba ingekwenda na maji, na hakuna kazi nyingine aliyoijua.

Ijumaa moja, mafundi wote wakiwa wametoka kula, Fundi alimshika Msomi mkono akamwingiza karakanani kwa mlango wa nyuma. Macho yake yalikuwa yanawaka.

"Njoo uone kitu. Usiguse chochote."

Picha ilikuwa ndefu kuliko mlango. Hakuna mtoto wa mji ule asiyeijua: Mtawala amekaa kitini, fimbo ya enzi mkononi, nyuma yake pazia jekundu. Vitabu vyote vilisema alitawala peke yake miaka thelathini. Lakini katikati ya pazia Fundi alikuwa ameondoa rangi ya juu, kidirisha cha ukubwa wa kiganja, na humo ndani mlikuwa na mkono mwembamba wa mwanamke. Ulikuwa umeishika fimbo ileile, juu ya mkono wa Mtawala.

Msomi aliketi juu ya ndoo. Alikuwa amefundishwa kwamba katika picha za zama zile, mkono ulio juu ndio wenye kauli.

"Hakutawala peke yake," alisema taratibu. "Na mwenye amri alikuwa huyu mama. Kisha wakampaka pazia usoni."

"Nilijua utaelewa. Nilikiona jana jioni, nikashindwa kulala. Nikasema wa kwanza kumwonyesha ni wewe." Alikunja uso kidogo. "Lakini usimwambie mtu. Kilicho chini ya rangi ni cha karakana mpaka Mkuu wa kasri akitangaze. Tunakula kiapo siku ya kwanza tunayoingia. Huwa wanatangaza mwisho wa mwezi, kwa sherehe kubwa."

"Nitamwambia nani mimi?"

Na kweli hakumwambia mtu. Alichofanya ni kibaya zaidi: aliandika.

Kazi yake ya mwaka ilitakiwa kukabidhiwa Mwalimu wake wa chuo juma lililofuata. Alikuwa ameandika juu ya ngazi, malango na dari, kurasa sitini nzuri lakini za kawaida. Sasa alikuwa ameuona ule mkono, na kila akikaa kuandika, mkono ulikuwa mbele yake. Akajiambia, kazi ya darasani inasomwa na mtu mmoja. Mwalimu ataisoma, ataweka alama, ataifungia kabatini, na mwisho wa mwezi kila kitu kitakuwa hadharani. Akaandika kurasa nane kwa mkupuo. Na kwa kuwa darasani kwao asiyetaja alikopata jambo huitwa mwizi, chini ya ukurasa aliweka maelezo kwa herufi ndogo: jina kamili la Fundi, karakana yake, siku na saa aliyomwonyesha. Akaongeza shukrani. Moyoni alijua kwamba amempa zawadi. Amemweka mpenzi wake kitabuni, penye heshima.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alisoma zile kurasa amesimama, na asubuhi, kwa furaha ya kuwa na mwanafunzi kama yule, akampigia simu Mkuu wa kasri kumpongeza kwa ugunduzi. Mkuu wa kasri alikuwa hajaambiwa lolote na karakana. Akaomba aletewe kurasa hizo, na mchana haijafika saa nane, Fundi alikuwa amevuliwa aproni.

Simu ilimkuta Msomi maktabani. Akatoka mbio hadi kwenye ngazi za nje.

"Umeandika jina langu," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa chini sana.

"Nimekushukuru."

"Shukrani ya punda ni mateke. Hilo nilikuwa nalijua. Sikujua tu kwamba litanipata kwako."

"Fundi, nisikilize. Darasani kwetu asiyemtaja aliyempa ni mwizi. Ningefanyaje, nijifanye nimekiona mwenyewe?"

"Ungenyamaza. Nilikuomba kitu kimoja, Msomi. Kimoja tu."

"Nilidhani ni Mwalimu tu atakayesoma."

"Miaka saba," alisema. "Majuma matano yamebaki. Hebu niambie ukweli, ulikuwa unanipenda mimi au ulikuwa unaipenda picha?"

Msomi alifungua mdomo, machozi yakamtangulia. Alipopata sauti, simu ilikuwa imekatwa. Alipiga mara kumi na moja siku ile, na kumi na moja zote hazikupokelewa. Aliumia, tena aliumia kwa haki, maana alijua kosa ni lake. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema. Wake ulikuwa umeponza kichwa cha mwenzake.

Kesho yake alikwenda kwa mjomba. Mzee alikuwa na miwani mbili, moja puani na moja kipajini, na hakumkaribisha kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe."

"Ndiye mimi. Nimekuja kuomba radhi, na kuuliza kama kuna ninaloweza kufanya."

Mjomba aliendelea kuchuja gundi kwa muda mrefu. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema mwishowe. "Lakini sakafu inaweza kupanguswa. Anachotaka Mkuu wa kasri ni mkosaji. Ukiandika barua kwamba kijana wangu hakukuonyesha kitu, uliuona mlango wa nyuma uko wazi ukaingia mwenyewe, ukaweka jina lake ili uongo wako upate nguvu, yeye atabaki."

"Na mimi chuoni?"

"Hilo la chuo chako silijui."

Msomi alilijua. Aliyeingia pasipo ruhusa na kudanganya alikopata habari alirudishwa kwao bila cheti. Ilikuwa imeandikwa ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kanuni, naye alikuwa ameweka sahihi.

"Mzee," aliuliza, "yeye anajua kwamba unaniambia haya?"

Mjomba alishusha miwani ya kipajini, akaifuta, akairudisha. "Anajua."

Hapo ndipo mtu mwingine angeshtuka. Anajua, na hakuja mwenyewe? Lakini aliyependa ana sababu tayari kwa kila jambo. Msomi alijiambia: anaona haya, amekasirika, atanyooka. Alihesabu usiku na mchana, na hesabu yake ilikuja na jibu lilelile. Kwake ni mwaka mmoja. Kwa Fundi ni miaka saba na maisha yaliyobaki. Na yeye ndiye aliyekosa. Jumanne akaandika barua, mstari kwa mstari kama mjomba alivyosema, akaipeleka kwa mkono wake mwenyewe. Kisha alimtumia Fundi ujumbe: *Nimeandika. Usihangaike tena.* Fundi hakujibu, lakini Msomi aliona kwamba ameusoma.

Kikao kilikaa Ijumaa asubuhi, katika chumba chenye meza ndefu na madirisha yaliyofungwa. Msomi alivaa sketi ya kijivu na blauzi nyeupe aliyoshonewa na mama, amezipiga pasi mara mbili. Upande wa pili wa meza walikaa Mkuu wa kasri, mjomba, na Mama Msajili wa chuo, mwanamke mnene mwenye macho ya huruma. Fundi aliketi pembeni ndani ya shati jipya la bluu. Amekonda, Msomi aliwaza, na moyo wake ukamwendea kabla hajauzuia.

Barua ilisomwa. Msomi aliulizwa kama ni yake, akasema ni yake. Kisha Mkuu wa kasri akamgeukia Fundi.

"Ulimwingiza wewe karakanani?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Ulimwonyesha picha?"

"Hapana."

Msomi hakukasirika. Hilo lilikuwa ndani ya mapatano. Angesema vinginevyo, barua ingekuwa kazi bure. Mkuu wa kasri alifunga jalada lake, mjomba akashusha pumzi. Yangeishia pale, labda leo tungekuwa tunasimulia arusi.

Lakini Mama Msajili aliinua kalamu. "Ngojeni. Huyu ni mtoto wa watu na hapa hana ndugu. Kazi yake ya mwaka mzima ilikuwa nzuri. Kanuni zinaniruhusu, kama kuna mtu anayemfahamu atakayesimama kumsemea tabia yake, nimpe nafasi ya kurudia mwaka badala ya kumfukuza." Akamtazama Fundi. "Kijana, wewe umetajwa jina katika jambo hili. Sikuulizi habari za picha, hayo yamekwisha. Nakuuliza tu, unamfahamu huyu binti? Umewahi kuzungumza naye, ukaona ni mtu wa namna gani?"

Msomi aliinua uso. Kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama Fundi waziwazi, na macho yake hayakuficha kitu. Neno moja tu lilitakiwa. Kumfahamu mtu si kosa. Hata angesema nimemwona kwenye benchi la ua akila mkate, ni binti mwenye adabu, ingetosha.

Fundi alimtazama mjomba wake. Mjomba alikuwa anatazama meza.

"Simfahamu, mama," Fundi alisema. "Wageni wanaokuja pale ni wengi."

Mama Msajili alisubiri kidogo, kisha akaandika. Msomi alisikia kalamu inavyokwaruza karatasi. Kitu kilimkata ndani, si cha ghafla, kama kisu butu kinavyokata. Na alishangaa kwamba bado amekaa wima.

Walimpa siku nne awe ameondoka. Mwalimu alikuja kumuaga akalia kuliko yeye. Msomi alikunja nguo zake moja moja, akarudisha vitabu vya maktaba, akafua shuka za watu. Siku ya nne asubuhi, mkoba umeshafungwa, mlango wa chumba uligongwa.

Alikuwa Fundi. Amevaa koti, amenyoa, na mkononi ana kiboksi. Alikifungua kabla hajakaribishwa: ndani mlikuwa na muhuri wa shaba, mdogo kama kifungo cha koti.

"Nimepewa jana," alisema. "Wameniondolea majuma yaliyobaki, kwa usumbufu walionipa."

"Hongera."

"Msomi, nisamehe. Niliogopa. Ningesema nakufahamu, wangeanza kuuliza tulijuana vipi, na yote yangefumuka."

"Mama yule alisema hakuulizi habari za picha."

"Mjomba alikuwa pale. Amenilea."

"Niliona."

Alipiga goti pale pale mlangoni, koti na yote, na sauti yake ikakatika kwelikweli. Tusimsingizie, Fundi alikuwa anampenda, na machozi yake hayakuwa ya kuigiza. "Nipe miezi miwili. Nitakuja kwenu na mjomba, nitafuata taratibu zote, nikupose. Utakaa hapa kama mke wangu, hakuna atakayekugusa. Nitakufidia, mpenzi wangu. Kila kitu."

Msomi alimtazama. Alitamani kumwinua, alitamani kukilaza kichwa kile kifuani pake. Angekuwa hampendi, mambo yangekuwa mepesi.

"Barua niliandika kwa hiari yangu," alisema. "Hata leo ningeiandika. Nilikukosea, nikalipa, na sikudai kitu. Lakini ulipoulizwa lile la mwisho hukuwa na la kupoteza, Fundi. Muhuri ulikuwa umeshapona. Uliulizwa tu kama mimi ni mtu unayemjua."

"Nilibabaika."

"Basi niambie. Ukija kwetu, ukakaa mbele ya mama yangu, akakuuliza huyu binti umemjulia wapi, utamjibu nini, na mjomba wako amekaa pembeni yako?"

Fundi alifungua mdomo. Aliutazama muhuri mkononi mwake, akautazama mkoba sakafuni, akafumba mdomo. Alibaki hivyo muda ambao mtu angeweza kuhesabu hadi hamsini. Msomi alimpa muda wote huo. Kisha akauchukua mkoba, akampita kwa ubavu bila kumgusa, akashuka.

Chini, karibu na lango, simu iliita. Alikuwa mama, na nyuma yake cherehani ilikuwa inanguruma.

"Umeshatoka, mwanangu?"

"Ndiyo natoka, mama."

"Mimi sijali cheti, nimekwambia. Watu watasema wachoke. Na yule Fundi je? Maana hujamtaja siku nyingi. Ama siku hizi humfahamu?"

Msomi alisimama. Juu, dirishani kwake, alijua bila kugeuka kwamba kuna mtu anamtazama. Neno lilikuja mdomoni, lilelile alilolisikia kwenye kikao, na lingekuwa tamu kulitema. Akalimeza.

"Namfahamu, mama," alisema. "Ndiyo maana narudi peke yangu."